Kumpa Mgongo: Kisa cha Picha za Wanandoa Katika Mahekalu ya Polonnaruwa

Kisa hiki nakiandika kwa wapiga picha wenzangu walioanza kupata wateja wa safari, wale wanaokwambia "twende wote ukatupige huko huko". Majina, mji wanakotoka wateja na tarehe kamili nimeviondoa, na wenyewe wameridhia kisa kisimuliwe. Makosa mengi utakayoyasoma ni yangu.

Usuli

Wateja walikuwa mume na mke kutoka Tanzania, wanatimiza miaka 10 ya ndoa. Nitawaita Bwana na Bibi. Bwana anafanya biashara ya vito, na kwa watu wa kazi hiyo Sri Lanka si nchi ya mbali: wanunuzi wa huko wamekuwa wakija kwetu tangu yakuti za Tunduru zilipoibuka miaka ya 1990, na wafanyabiashara wetu nao huenda kisiwani kuuza na kukatisha mawe. Bwana alikuwa ameshakwenda mara kadhaa, lakini peke yake. Safari hii alitaka aende na mkewe, apumzike, na arudi na picha. Mimi namwita kaka kwa sababu ya urafiki wa muda mrefu, kwa hiyo Bibi ni shemeji yangu, na ushemeji huo umechangia nusu ya matatizo ya kisa hiki. Mteja wa kawaida ungemwuliza maswali. Shemeji unamwambia "hiyo ndogo".

Tulichagua Polonnaruwa, mji wa kale katika ukanda mkavu wa kaskazini ya kati. Ulikuwa makao ya wafalme kuanzia karne ya 11 hadi ya 13, na mwaka 1982 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Vitabu vya wageni huuita magofu, na neno hilo likanipotosha. Mtu wa kwetu akisikia magofu anawaza Kilwa Kisiwani au Gede: kuta zimemomonyoka, mizizi imeshika matofali, mgeni anatembea na viatu vyake na kofia yake. Polonnaruwa kuta zimemomonyoka vile vile, ila watu waliovaa nyeupe wanakuja na maua mikononi, wanavua viatu na wanapiga magoti. Paa limeondoka, ibada imebaki.

Makubaliano yalikuwa picha 20 za albamu na moja kubwa ya kuning'inizwa sebuleni. Wiki mbili kabla ya safari Bibi alinitumia picha aliyoiokota mtandaoni. Mwanamke ameketi, anatabasamu, na nyuma yake kuna Buddha mkubwa wa mawe aliyelala. "Nataka kama hii, shem, ila mimi na kitenge changu na kilemba."

Nikamjibu kwa kidole gumba.

Mambo yalivyokwenda

Ilikuwa Februari, kiangazi cha upande ule. Tulilala karibu, tukafika getini asubuhi mapema, hewa bado ina ubaridi kidogo. Dereva wetu, mtu wa makamo ambaye alikuwa Mbuddha mwenyewe, alikuwa ametuonya usiku: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, rangi nyepesi ni bora. Hayo tuliyatimiza. Alisema na jambo jingine kuhusu kusimama mbele ya sanamu, lakini mimi wakati huo nilikuwa nachaji betri na sikio langu lilikuwa nusu.

Tulikwenda moja kwa moja Gal Vihara, hekalu la sanamu za mwambani, kwa kuwa ndipo ilipo picha ya Bibi. Kabla ya kufika kwenye mwamba kuna sehemu ya kuvua viatu. Tukavua. Mlinzi akamtazama Bibi, akajigusa kichwani. Kofia.

Nikamweleza kwamba hii si kofia, ni vazi, na kwetu mwanamke akifunga kilemba kizuri amejiheshimu na ameheshimu shughuli. Alinisikiliza kwa upole, kisha akajigusa kichwani tena. Kwao kichwa hufunuliwa mbele ya Buddha kama miguu inavyovuliwa viatu. Kila upande ulikuwa unazungumzia heshima, na kilemba kilikuwa katikati.

"Shem," Bibi akanong'ona, "hiki kilemba ndiyo picha yenyewe."

Tatizo lilikuwa chini yake. Kwa kujua atavaa kilemba, Bibi alikuwa amesukwa twende kilioni za haraka haraka, zile za kulalia. Alirudi garini, akapaka mafuta, akabadilisha hereni akavaa kubwa zaidi, akajitazama kwenye kioo cha dereva. Ilituchukua karibu nusu saa, na ile nusu saa ndiyo iliyokuwa na mwanga laini.

Gal Vihara ni uso mmoja wa mwamba uliochongwa sanamu nne wakati wa mfalme Parakramabahu I, aliyetawala 1153 hadi 1186. Kuna Buddha aliyeketi, mwingine mdogo ndani ya pango lililochimbwa, mmoja aliyesimama wa karibu mita 7 amekunja mikono kifuani, na yule aliyelala, mwenye urefu wa zaidi ya mita 14. Mistari ya asili ya jiwe inapita usoni na kwenye vazi kama mawimbi, na mchongaji hakuificha. Juu siku hizi kuna paa la kuzuia mvua, na paa hilo ndilo maumivu ya mpiga picha: sanamu zimo kivulini, watu mbele yao wako juani.

Nilimweka Bibi mbele ya kichwa cha Buddha aliyelala, nikafungua riflekta, ile ngao ya kurudishia mwanga usoni, nikapiga. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Filimbi ikalia.

Mlinzi alikuja akiwa ameinua kiganja. Alinyoosha kidole kwa Bibi, akamgeuza kwa ishara ya mkono, kisha akaniambia nimwonyeshe kioo cha kamera. "Futa." Hapo nikafanya kosa baya kuliko yote: nikabishana. Nilimwambia ni picha ya heshima, ni ya ndoa, hakuna mzaha ndani yake. Watu waliokuwa wamekaa na maua yao wakageuka. Bwana akawa mwekundu wa aibu kwa namna ambayo mtu mweusi huwa mwekundu, yaani alinyamaza kabisa.

Dereva akaja, akazungumza na mlinzi kwa Kisinhala, kisha akaniambia polepole: kaka, amempa Buddha mgongo. Akaongeza kisa cha watalii watatu wa Ufaransa, mwaka 2012. Walipiga picha za utani na sanamu, mmoja akijifanya kuibusu. Wahudumu wa duka la kusafisha picha mjini Galle walipoziona waliita polisi, na mahakama ikawahukumu kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa. Hakunitisha. Alikuwa ananipimia uzito.

Nikafuta zote tatu mbele ya mlinzi. Akaniuliza pia kuhusu riflekta: tuna kibali cha kazi ya biashara? Hatukuwa nacho. Nikaikunja.

Bwana alitaka turudi hotelini. Dereva akatupeleka kwanza kwa muuza madafu nje, yale ya kwao yenye ganda la rangi ya chungwa, tamu kidogo kuliko yetu. Tulikaa pale kama robo saa. Nyani mmoja mdogo alikuwa anaikodolea macho hereni ya Bibi, na hilo ndilo lililomfanya acheke kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Maamuzi, na kwa nini

Pale kwenye madafu niliamua kwanza kuomba radhi, kwa wateja na baadaye kwa mlinzi. Kwa wateja nilisema wazi kwamba picha waliyoitaka haitapatikana, na kwamba ningepaswa kuwaambia hivyo wakiwa nyumbani. Nilichelea kusema "tutajaribu baadaye kukiwa hakuna mlinzi". Mwenzangu mmoja aliposimuliwa kisa hiki alisema yeye angefanya hivyo. Mimi naona ni ushenzi.

La pili lilihitaji hesabu. Picha ya mtu, jinsi tulivyoizoea, ina kanuni moja ambayo hakuna anayeitamka: mtu anatazama kamera, na kitu cha thamani kiko nyuma yake. Basi kila unapomweka mtu mbele ya sanamu, kanuni yenyewe inampa Buddha mgongo. Hakuna tabasamu wala nguo ya heshima itakayolirekebisha hilo. Ilinibidi nitafute mahali ambapo mwili ungeweza kukaa vingine.

Tukarudi Gal Vihara bila riflekta. Nilimwuliza mlinzi, safari hii kwa kumwuliza kweli, wapi tunaruhusiwa. Akatuonyesha: kaeni huku, mkitazama sanamu, mpige ubavuni. Mbele ya sanamu kuna mwamba wa chini ambao watu hukaa kutafakari. Bwana na Bibi wakakaa hapo, nyuso zao kwa Buddha, mimi nikasogea pembeni na lenzi ya milimita 85. Sanamu haikuingia kwenye fremu hata kidogo. Iliyoingia ni mwanga uliorudi kutoka kwenye jiwe na mchanga, ukiangukia mashavu yao. Nilipima mwanga usoni, nikauacha mwamba ung'ae unavyotaka. Ukipima kwa jiwe lile la kijivu, ngozi zetu zinageuka makaa.

Wakati wamekaa, dereva akaniambia neno ambalo lilinifanya niishushe kamera. Huyu mnayesema amelala, akasema, wengi wetu tunaamini hajalala. Tazama miguu. Mguu mmoja umerudi nyuma kidogo, vidole havijalingana. Aliyelala usingizi miguu yake hulingana. Huyu yuko katika saa ya mwisho, anaingia parinirvana, yaani mauti yake ya mwisho.

Nilikuwa nimemweka mwanamke akicheka mbele ya kitanda cha mauti. Na nywele zake zinaitwa twende kilioni. Sikumwambia mpaka tulipofika hotelini, na alicheka hadi akashika mbavu.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye uwanja mtakatifu ulioinuka, ambapo majengo mengi ya kale yamekusanyika. Jengo lililotuokoa ni Vatadage, hekalu la duara. Katikati palikuwa na dagoba ndogo, yaani kuba la ibada la Wabuddha, na Buddha wanne wameketi kuizunguka, kila mmoja akitazama mlango wake: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Mbele ya kila ngazi kuna jiwe la nusu duara lililochongwa mistari ya wanyama na maua, ambalo wageni huliita jiwe la mwezi. Bibi aliliona akataka asimame pale. Ni pazuri mno. Lakini ngazi inapanda moja kwa moja kwa Buddha, na yeyote anayesimama juu ya jiwe akitazama nje anampa mgongo, hata kama sanamu iko mbali na kwenye picha inaonekana kama ukungu. Kufifisha mandhari kwa lenzi hakubadilishi alipo mtu. Mtego ni ule ule, umejificha vizuri zaidi.

Nilipofikiria milango minne ndipo nikaona pembe nne zilizobaki. Ukisimama kati ya mlango na mlango, kwa mfano kaskazini magharibi, nyuma yako kuna ukuta wa duara wa matofali, nguzo za mawe na ukingo uliochongwa maua. Hakuna sanamu inayokutazama. Ilikuwa inakaribia saa nne, upande wa mashariki unaungua, lakini ukuta ulikuwa umetandaza kivuli upande wa magharibi, na ardhi nyepesi ilirudisha mwanga kutoka chini. Riflekta ya bure, na haihitaji kibali. Hapo tulipata sehemu kubwa ya albamu.

Kuhusu nyayo: mtu wa pwani anadhani anajua joto la jua. Jiwe la Polonnaruwa saa nne na nusu ni kikaango. Miguu ikiungua uso unasema. Macho yanafumba, taya linakaza, uzito unahama mguu hadi mguu. Tuligawana jozi mbili za soksi nyeupe alizokuwa nazo dereva, na kila pozi la juani lilikuwa fupi, kisha kivulini.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa Bibi. Kwenye jiwe la mwezi aliniuliza: kama siruhusiwi kumpa mgongo, je, nikikupa wewe? Akapanda ngazi polepole akimtazama Buddha, kitenge kikishuka nyuma yake hadi karibu na nyayo, zile nywele za mistari zikiwa wazi zinaelekea juu kama mistari ya jiwe. Nilipiga kutoka chini. Kwenye ngazi ya tatu aligeuza kichwa kidogo, shavu moja tu na hereni vikaonekana.

Matokeo

Tulirudi na picha 17 badala ya 20. Nilipunguza malipo bila kuombwa. Hakuna iliyofanana na ile ya mtandaoni. Mlinzi tulipita tena kumuaga na kumwonyesha zile za mwambani; alizitazama mbili, akatikisa kichwa ubavuni, ishara ambayo kwao ni ndiyo na kwetu inachanganya.

Ya sebuleni ikawa ubishi. Bwana alitaka ile ya kivulini kwenye Vatadage, wote wawili wanatazama kamera. Bibi alitaka ile ya ngazi. "Nimelipia sura ya mke wangu," Bwana aliniandikia, "wewe umeniletea kisogo." Kisogo ndicho kilichoning'inizwa. Sura iko chumbani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuacha kutafuta njia ya kuikwepa sheria na kuanza kuitumia kama ramani. Mara nilipoelewa kwamba jambo lenyewe ni uelekeo wa mwili, kila jengo lilinieleza pa kusimama. Jengo lenye Buddha wanne wanaotazama pande nne lina pembe nne huru. Sanamu iliyo kwenye mwamba ina ubavu. Ngazi ina mtu anayepanda. Mpiga picha yeyote anajua kusoma mwanga namna hiyo. Sikuwa nimezoea kuisoma ibada kwa jicho lile lile.

Kilichoshindikana kilianza na kidole gumba kwenye simu. Picha ya mfano aliyonitumia Bibi ilikuwa swali, nami nikaichukua kama oda. Ningemwuliza dereva au mtu yeyote wa Sri Lanka, angenijibu kwa sentensi moja. Hata kumwonyesha tu dereva ile picha usiku ule kungetosha. Picha kuwapo mtandaoni haina maana iliruhusiwa. Huenda mwenye nayo naye alipigiwa filimbi, ila hakufuta.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba lugha yangu ilikuwa inajua. Kwa Kiswahili ukisema fulani amenipa mgongo, hakuna anayedhani unazungumzia mkao. Umetupwa. Mtoto aliyelelewa hapitishi mgongo wake mbele ya mzee aliyeketi bila kuinama kidogo na kusema samahani. Nilikuwa na somo zima kinywani, na bado nikabishana na mlinzi kana kwamba ananiletea jambo la ajabu.

Kubishana pia kulikuwa na hasara isiyo ya picha. Waliokuwa wanasali waligeuka, na wateja wangu wakawa tamasha. Filimbi ingeisha kwa sekunde kumi kama ningesema samahani na kufuta. Niliikuza kwa sababu nilikuwa nalinda sifa yangu mbele ya wateja, si picha.

Katika simulizi za dereva njiani kurudi kuna moja ninayoirudia kila ninapofundisha. Katika mila ya Kisinhala, sanamu mpya ya Buddha hukamilika inapochorwa macho. Fundi hafanyi hivyo kwa kuitazama ana kwa ana. Anashika kioo, anatazama kwa kupitia kioo, na brashi inapita juu ya bega lake. Kwa hiyo wakati ule mmoja fundi ndiye mwenye mgongo kwa sanamu, na sababu ni kwamba hathubutu kukutana na jicho linapofunguka. Mimi kamera yangu ya zamani ina kioo ndani yake, na miaka yote nimedhani kazi ya kioo kile ni kunionyesha fremu tu.

Kuhusu kibali sina utetezi. Nililipwa nyumbani nikaingia kama mtalii, na riflekta ndiyo iliyonisema. Idara ya Akiolojia ya huko ina utaratibu wa upigaji wa kibiashara kwenye maeneo ya kale, na mteja anayelipa ni biashara hata akiwa shemeji. Safari ijayo kibali kitaombwa kabla ya tiketi ya ndege, na gharama yake itakuwa kwenye bei. Njia nyingine ya haki ni kumkodi mpiga picha wa pale pale na mimi kubaki kuwa mshauri wa mavazi na mapozi, jambo ambalo fahari yangu bado haijalikubali vizuri.

Kilemba nacho kilistahili mazungumzo wiki mbili mapema. Bibi hakuomboleza sheria, aliomboleza kushtukizwa. Angejua, angesukwa vizuri, na sura yake ingekuwa imejiandaa kuonekana. Siku hizi mteja wa safari akinipigia, nikishaandika tarehe namwuliza chini ya kilemba kuna nini.